Spidomita ya Marehemu Mabhena

Wiki tatu, ndivyo alivyosema Ndiweni siku alipoipokea spidomita. Sasa ilikuwa wiki ya kumi na moja, na Velaphi Mabhena alikuwa amekalia benchi la duka lile mara nyingi hata akajua ni ubao upi unaobana suruali.

Duka lilikuwa Belmont, upande wa viwanda wa Bulawayo, nyuma ya watengeneza magodoro. Juu ya mlango paliandikwa kwa rangi nyekundu kwamba hapa zinatengenezwa spidomita na geji za kila aina, kazi ya uhakika. Hayo maneno ya mwisho Velaphi alikuwa ameyasoma mpaka yakamtia kichefuchefu. Kila alipokuja alipewa hadithi mpya. Mara umeme umekatika, mara waya unatoka Afrika Kusini na umekwama mpakani Beitbridge, mara Ndiweni yuko mazikoni Plumtree. Mtu yule alikuwa amezika shangazi wanne tangu Pasaka, na mmoja wao, kwa hesabu ya Velaphi, alizikwa mara mbili.

Velaphi hakuwa mtu wa hasira za karibu. Kwa miaka thelathini na minne alikuwa fundi wa ishara za reli, kazi ambayo ukikosea kidogo tu watu wanakufa wakiwa wamesinzia, na kazi hiyo ilimfundisha kupima mara tatu na kufunga mdomo. Ilimfundisha pia kuwachukia watu wanaofanya kazi kwa kubahatisha. Na sasa, akiwa na miaka sitini na saba, kitu alichokitegemea kuliko vyote kilikuwa mikononi mwa mtu wa namna hiyo hiyo.

Spidomita ilitoka kwenye gari la marehemu baba yake, Morris Oxford ya kijivu ya mwaka 1957. Mwaka 1978, vita vya ukombozi vikiwa vimepamba moto, mzee Mabhena alikwenda na gari hilo kumchukua mwanawe wa kwanza, Mbizo, aliyekuwa amejeruhiwa huko kwenye barabara ya Nkayi. Mbizo alimfia njiani, kwenye kiti cha nyuma. Mbele kulikuwa na kizuizi cha askari, na mzee angepita vipi na maiti yenye tundu la risasi? Akamzika kando ya barabara, peke yake, akarudi nyumbani bila kusema neno. Aliandika tu kwa penseli nyuma ya kikinga jua cha gari: Mbizo. Kutoka daraja la Bembezi, 18.3.

Miezi michache baadaye mzee mwenyewe akapooza. Kabla hajafa alimwita Velaphi peke yake, akamwonyesha yale maandishi, akamwambia mambo mawili kwa ule upande wa mdomo uliobaki mzima. Kwanza, namba hiyo ni ya wanaume wa nyumba hii. Pili, lile gurudumu la nyuma lisilo na kifuniko liachwe hivyo hivyo, lisitafutiwe kingine. Velaphi hakuuliza kitu. Kwao, mzazi anayekata roho hahojiwi.

Kisha ikaja miaka mingine ya mauaji, ambayo barabara ile haikuwa ya kwenda mtu. Ilipopita, Velaphi alikwenda mara tatu na Toyota ya mwanawe. Akageuza maili kuwa kilomita, akasimama mahali namba iliposema, asione ila vichaka vya mopane. Mara ya tatu alichimba kichuguu kizima kwa mikono yake, akidhani ni kaburi. Ndipo fundi mmoja wa zamani alipomkumbusha kuwa Morris ile ilivishwa matairi makubwa ya pikapu, kwa hiyo namba zake haziwezi kulingana na za gari jingine. Spidomita ile ilikuwa na uongo wake yenyewe, na Velaphi akaamini kuwa bila uongo ule hatafika. Akaishusha Morris kutoka juu ya matofali, akatafuta matairi ya kipimo kilekile, akaihangaikia injini mwaka mzima mpaka ikanguruma. Ikabaki spidomita tu, ambayo mshale wake ulikuwa umeganda na waya wake umekatika.

Na nyumbani, Mpopoma, mama yake alikuwa akingoja. MaDube alikuwa na miaka tisini na minne na haja moja tu duniani. Mtu aliyefia njiani lazima afuatwe kwa tawi la umphafa, ule mti wa miiba, aongozwe mpaka kwao. Asipofuatwa anabaki palepale akitazama magari yakipita. MaDube alikuwa amemwambia daktari waziwazi kwamba hafi kabla Mbizo hajaingia mlangoni. Lakini miguu ilikuwa imeanza kumvimba, na sauti yake ilizidi kuwa ndogo wiki hadi wiki.

"Baba Mabhena," alisema Ndiweni, akitokea nyuma ya pazia na kitu kilichofungwa kwenye gazeti. Alikuwa mtu mnene wa miaka arobaini na kitu, mwenye tabasamu la kuuzia. "Leo utacheka mwenyewe."

Velaphi alifungua gazeti. Kioo kilikuwa kipya na ukingo ulikuwa unang'aa. Lakini chini ya mshale, mahali palipoandikwa maili tangu alipokuwa mtoto, paliandikwa kilomita, na namba zote zilikuwa sifuri.

"Hii ni nini?"

"Spidomita yako, baba."

"Yangu ilihesabu maili."

"Na nani anahesabu maili siku hizi? Utumbo wake ulikuwa umelika wote. Nikautoa, nikaweka wa gari jingine lililokufa pale uani. Halafu si uliniambia matairi ni makubwa? Nikapanga meno yalingane na matairi. Ukishaifunga, kaipime na nguzo za kilomita za barabara ya Harare. Ikidanganya hata hatua kumi, nirudishie hapa unipige nayo kichwani."

Velaphi aliirudisha spidomita juu ya gazeti. Alikuwa amemwambia habari ya matairi kama onyo, na mtu huyu ameichukua kama agizo.

"Na hizi sifuri?"

Ndiweni aliinama, akashusha sauti kwa adabu. "Hiyo ni zawadi. Kila anayeleta spidomita hapa anataka namba zishuke, gari liuzike. Wengine wananikonyeza, wengine wanakohoa. Wewe ni mtu mzima, uliona haya kusema. Nikaelewa."

"Sikuona haya. Sikutaka."

"Ndivyo wanavyosema wote, baba."

Wateja wawili waliokuwa wamekaa benchini walicheka. Mmoja, dereva wa lori la bia, alisema, "Mzee, gari lako limezaliwa leo, unanuna nini? Mimi angenirudisha sifuri hata mgongo."

"Nilikwambiaje?" Velaphi alimuuliza Ndiweni. "Nilikwambia ufungue, usafishe, uweke waya, ufunge. Nikakuandikia na karatasi."

"Karatasi ninayo." Ndiweni aliichomoa chini ya kikombe cha chai, kwa fahari kabisa, kama shahidi wake. Ilikuwa na alama ya duara ya kikombe, na katikati ya duara maneno USIGUSE CHA NDANI yamepigiwa mistari miwili. "Nilidhani unaogopa gharama. Na gharama sikukuongezea."

Hapo ndipo Velaphi alipojua kuwa mtu huyu hakuwa mwizi. Mwizi angalau anajua alichochukua. Huyu alikuwa amefanya alilokatazwa, amelifanya vizuri, na sasa alikuwa anangoja ashukuriwe.

"Utumbo wa zamani uko wapi?"

"Upo."

"Upo wapi?"

"Upo salama, baba. Njoo kesho."

Kesho yake utumbo ulikuwa stoo, na ufunguo wa stoo alikuwa nao mdogo wake Ndiweni, aliyekaa Entumbane. Velaphi akaenda kwa miguu mpaka Entumbane. Mdogo wake Ndiweni hakujua stoo yoyote, ila alimkaribisha chai. Siku ya tatu Ndiweni alisema huenda vile vitu vilichanganyika na shaba chakavu. Siku ya nne walikwenda wote wawili kwa mnunuzi wa shaba chakavu, Velaphi mbele na Ndiweni nyuma akisimulia jinsi meno ya kisasa yalivyo bora kuliko ya zamani. Mnunuzi alisema gunia la Ndiweni liliyeyushwa Jumatatu na kumiminwa kuwa koki za maji.

Velaphi alisimama mbele ya safu ya koki mpya zilizolazwa sakafuni. Zilikuwa kama sitini. Katika mojawapo, au katika kumi kati ya hizo, ndimo ilimokuwa njia ya kwenda kwa Mbizo, na kesho mtu angenawia mikono.

"Baba Mabhena," alisema Ndiweni, akiona mambo si mazuri, "wacha nikufidie. Niliona siku ile uliyoleta spidomita, gari lako halina kifuniko kimoja cha gurudumu. Limekaa kama mtu aliyeng'oka jino. Nitakutafutia cha nne, bure."

"Kiache hicho kifuniko!"

Hata wachoma shaba waligeuka. Velaphi hakuwa amepiga kelele hivyo tangu siku treni ya mizigo ilipopita ishara nyekundu mwaka tisini na moja. Akamshika Ndiweni kiwiko, akamtoa nje, na pale kando ya rundo la makopo akamwambia yote: Mbizo, kizuizi cha askari, penseli, 18.3, miguu ya mama yake inayovimba. Alisema haraka na kwa ubaya, bila kumwangalia. Ilikuwa mara ya kwanza namba ile kutoka kwenye kinywa chake.

Tabasamu la kuuzia lilimtoka Ndiweni usoni. "Kwa nini hukuniambia tangu mwanzo?"

"Kwani ningepaswa kukuambia mambo ya makaburi yetu ili usiguse kitu nilichokuandikia usiguse?"

Ndiweni aligusa mfuko wake, mlimokuwa ile karatasi.

"Vaa koti lako," alisema Velaphi. "Utakwenda kumwambia mama yangu kwa mdomo wako. Mimi sitamwambia."

MaDube alikuwa amekaa kitandani, ameegemezwa mito, bakuli la isitshwala, ule ugali wa kwao, na maziwa mgando kando yake halijaguswa. Ndiweni alikaa chini karibu na mlango kama inavyopasa, akapiga makofi taratibu, akataja ukoo wake, akaeleza. Hakujitetea. Hilo Velaphi alilazimika kumhesabia. Alisema aliletewa spidomita ya mzee Mabhena, akakatazwa kuigusa ndani, akaigusa, na sasa haihesabu tena kama ilivyohesabu zamani.

Bibi kizee alimsikiliza, kisha mabega yakaanza kumtikisika. Velaphi alisogea akidhani analia. Alikuwa anacheka.

"Spidomita ile?" alisema MaDube. "Mtoto wa Ndiweni, spidomita ile ilikuwa na uongo mwingi kuliko mnadi wa ng'ombe. Nilipokuwa na mimba ya dada yake huyu, mzee alikuwa akinipeleka kila mwezi hospitali ya misheni, Mtakatifu Barnaba. Pale daraja la Bembezi palikuwa na kibao: Misheni, maili ishirini na mbili. Tukifika, gari linasema ishirini kamili. Kila safari ishirini kamili. Basi anashuka na kugombana na kibao. Aliwaandikia mpaka watu wa barabara barua, kwamba kibao chao kinasema uongo. Nikamwambia, mume wangu, ni haya matairi yako. Akanuna mpaka Nkayi."

Ndiweni aliinua kichwa. "Daraja hilohilo, Bibi? Barabara hiyohiyo?"

"Kwani kuna ngapi?"

Ndiweni alitoa mfukoni ile karatasi yenye duara la kikombe, akaigeuza, akaomba kalamu. Aliandika akinong'ona. Kila ishirini za gari ni ishirini na mbili za kweli, kwa hiyo kila kumi unaongeza moja. Kumi na nane na nukta tatu inakuwa ishirini na nukta moja. Kwa kilomita ni thelathini na mbili na nukta nne. Akamtazama Velaphi. "Na wewe ulisimama ngapi na Toyota?"

"Ishirini na tisa na nusu."

"Ulipungukiwa kilomita tatu tu, baba. Hata kwa Toyota ungefika."

Velaphi alitamani kumtupa dirishani. Mwaka mzima wa injini, wiki kumi na moja za benchi, koki sitini za shaba, na jibu lilikuwa limekaa kwenye mito hatua nne kutoka jikoni kwake. Na aliyelipata ni huyu.

"Mama," alisema, na sauti yake haikuwa ya heshima, "kwa nini hukuniambia habari ya kibao?"

"Uliniuliza?"

Velaphi aliliinua lile bakuli la isitshwala, akalirudisha palepale.

"Ninyi mlikuwa na namba yenu ya wanaume," alisema MaDube. "Nilijua ipo. Nilimwona baba yako akiiandika. Niliona na mikono yake siku ile, kucha hazikuwepo. Nikasema, wataniambia. Miaka arobaini ninasema wataniambia." Akafuta midomo kwa pindo la shuka. "Wewe mtoto wa Ndiweni, una leseni ya gari?"

"Ninayo, Bibi."

"Basi Jumamosi utakwenda naye. Kurudi utaendesha wewe. Mwenye tawi haendeshi, wala hasemi na mtu."

Jumamosi wakati wa kwenda, Velaphi aliendesha mwenyewe, na kutoka Mpopoma mpaka Bembezi alimwambia Ndiweni kila alichokifikiria juu ya duka lake, benchi lake, shangazi zake na maandishi yake mekundu. Ndiweni alijibu ndiyo, baba. Darajani aliandika namba, akakaza macho kwenye spidomita, akisoma kwa sauti kila kilomita ilipogeuka. Ilipofika ishirini na tisa na nusu, Velaphi aliona kichuguu chake kilichochimbwa, akapita bila kupunguza mwendo. Thelathini na mbili na nukta nne walisimama.

Hawakutafuta sana. Hatua kama ishirini kutoka barabarani, nyuma ya kisiki, kulikuwa na mawe yaliyopangwa na mtu, na juu ya mawe kitu cha duara kimelala kifudifudi, chekundu kwa kutu. Velaphi alikigeuza. Kilikuwa kifuniko cha gurudumu. Alama ya katikati bado ilionekana, lakini ukingo wa upande mmoja ulikuwa umelika na kukunjika kama jembe lililotumika misimu mingi.

Alikaa chini. Mzee hakuwa na jembe siku ile. Alikuwa na hicho, na kilipokunjika akamalizia kwa mikono. Velaphi alilia palepale mbele ya Ndiweni, kwa sauti, na hakuona haya.

Alikirudisha kifuniko juu ya mawe. Akaweka tawi la umphafa kaburini, akasema, "Mbizo, ni Velaphi. Samahani. Twende nyumbani, mama anakungoja." Akalichukua tawi, na tangu hapo hakusema tena.

Alimpa Ndiweni ufunguo wa Morris, ambao hakuwahi kumpa mtu. Akaketi kiti cha nyuma, tawi mapajani. Ndiweni aliingiza gia ya kwanza kwa fujo, na ya pili ikalia kama mbuzi anayebanwa mlango. Velaphi alifungua mdomo, akaufunga. Akipita mashimo Ndiweni hakupunguza mwendo. Akaanza na maongezi: kwamba anamjua mtu Gweru mwenye utumbo wa maili, mzima kabisa, na kwamba klachi hii nayo ingefaa kuangaliwa, hata yeye mwenyewe angeweza. Gia ya pili ikalia tena. Velaphi alikuwa na maneno ya kumjazia mtu huyu ndoo mbili, na desturi ilikuwa imemziba kinywa kwa kilomita zaidi ya mia.

Baada ya daraja Ndiweni aliinua macho kwenye kioo na kuwaona wawili wale kiti cha nyuma, mzee na tawi lake. Akanyamaza. Kutoka hapo alikwepa kila shimo, na gia ya pili hakuigusa ila ilipobidi.

Nyumbani walikuta mkeka umetandikwa. MaDube alikuwa ameinuliwa, amekaa kwenye kiti mlangoni, na yeye ndiye aliyepokea tawi kwa mikono miwili. Velaphi alingoja mpaka lilipolazwa mkekani. Kisha, akiwa huru kusema, alitoka nje kwa hatua ndefu kumfuata Ndiweni, aliyekuwa amesimama karibu na gari asijue aende au abaki.

Maneno yote ya njiani yalimjia kwa pamoja. Akachagua.

"Ile gia ya pili umeiua."

"Ndiyo, Baba Mabhena. Niilete dukani?"

"Usiiguse," alisema Velaphi. "Ingia ndani ule."

Walipoingia, MaDube alikuwa ameinama juu ya mkeka, anazungumza na lile tawi kwa sauti ndogo, na ilikuwa sauti ya mama anayemgombeza mtoto aliyekawia dukani.

"Umechelewa, Mbizo," alikuwa anasema. "Isitshwala imepoa. Kaa, nitamwambia ndugu yako akupashie."